Simile kwa Sauti ya Biasha

Aliyekutana na Biasha kwa mara ya kwanza aliona hili kabla ya mengine: hakukata kona kimya. Hata nyumbani kwake Mwabungo, mikono mitupu, akitoka jikoni alitanguliza, "Simile!" ili apishwe. Hoteli ya Diani alikohudumia mezani ndiyo iliyomzoesha hivyo. Kule, mwenye mzigo hupaza sauti kabla ya kona, na anayeisikia husimama.

Hoteli ilipoleta roboti ya kubeba sahani, fundi wake, Japheth, aliitia taa za kuonyesha inakoelekea. Wafanyakazi hawakuziona, macho yao yalikuwa kwenye sinia zao.

"Dada Biasha, niazime sauti," Japheth akaomba.

Biasha akarekodi: "Simile, nakata kulia! Simile, nakata kushoto!" Alitoa sharti moja tu, roboti iseme kabla haijageuka. Japheth akaapa, mdomo umejaa mahamri ya Biasha.

Mambo yakanyooka. Watu walisikia, wakasimama, wakataniana: "Mpisheni Biasha wa magurudumu!"

Kisha wageni wakalalamikia kelele. Japheth, bila kumwambia mtu, akaichelewesha ile sauti, isikike mara moja tu, roboti ikiwa imeshaanza kugeuka. Maimuna, shoga yake Biasha wa tangu utotoni na mwenzake kazini, alifika konani na sufuria ya mchuzi. Hakusikia kitu, akapita, roboti ikamgonga. Simile ilikuja mchuzi umeshammwagikia mguuni.

"Nilikuamini wewe, si lile dude," Maimuna alimwambia Biasha akifungwa bendeji.

Biasha akamgeukia Japheth mbele ya meneja. "Mwambie ukweli, ndugu yangu."

Japheth akatazama viatu vyake. "Rekodi yake ndiyo mbovu. Alikaa kimya kwanza, ndipo akasema."

"Mahamri yangu hayajakukauka mdomoni, Japheth!"

Tangu hapo Biasha akitoa simile, wenzake huchungulia kwanza. Hilo ndilo linalomuuma kuliko maneno ya fundi: sauti yake mwenyewe haisimamishi mtu tena.

Amemwomba meneja jambo moja, rekodi ile ichezwe mbele ya wafanyakazi wote, wasikie kama ina kimya. Meneja amekubali: Jumamosi, wageni wakishamaliza kustaftahi. Maimuna ametuma ujumbe kwamba atakuja, hata kwa kuchechemea. Biasha ameshapiga pasi sare yake. Leo ni Alhamisi tu, na kila anayepita ukumbini Biasha anamuuliza, "Jumamosi haijabadilishwa, sivyo?"