Gala Iko na Ngozi Moja

Mwaka ule tulikula majani ya maharagwe bila chumvi, kwa sababu kamyo za kuleta chumvi zilikuwa hazivuki tena Kashebere. Wabeleji walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Namba ya mwaka siikumbuki; ulimi wangu njo unakumbuka. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na bwana yangu alikuwa anatafuta ualimu. Mutihani ulikuwa umemuangusha mara moja. Kaka yake alisema wazi: akianguka tena, watashuka wote wawili Walikale kuchimba madini, na mimi nitazaa peke yangu.

Kilichomuangusha ni hesabu ya gala. Gala ya maharagwe kwetu iko na tumbo la duara kama ngoma, na juu yake kofia ya ncha, vyote vimesukwa kwa mianzi na kufungwa pamoja, juu ya miti mine. Waliuliza ngozi yake ya inje iko kubwa namna gani. Yeye akahesabu ngoma na duara zake mbili, akaongeza kofia na duara yake, kama vile kitabu kilimufundisha.

Mbele ya mutihani wa pili nilipaka gala yetu mavi ya ngombe, dudu isiingie. Mavi niliyaomba kwa wafugaji wa Nyamitaba, nikabeba vikapu vine kwa kichwa, tumbo likinitangulia. Bwana yangu akakuja na karatasi yake, akasema kwa upole kwamba hesabu inataka vikapu sita, yeye mwenyewe ataenda kuleta viwili. Mimi nilikuwa ninanawa mikono.

"Zunguka, unionyeshe mahali sikupaka."

Alizunguka. Aliinama mpaka chini ya gala, akakuta nimepaka. Kisha akatazama pale kofia inakalia tumbo. Akafuta duara mbili kwenye karatasi. Akashika mikono yangu, na harufu yake yote, akaiweka kwa uso wake.

Siku ya mutihani nilimupelekea chakula, nikasimama kwa dirisha. Alikuwa mbele ya tablo, na hesabu ya gala ileile. Mukaguzi, muzee mwenye miwani, akamuambia amesahau duara mbili. Bwana yangu, muntu wa kuogopa hata kuku, akainua chaki aziandike. Mimi siku hiyo sikuomba ruhusa.

"Pale vinaposhikana, mimi sipaki."

Darasa likacheka. Bwana yangu hakucheka. Alishusha chaki, akaeleza polepole kwamba pale ni ndani, duara zile mbili jua haliwezi kuziona, lakini ile ya chini ya gala inahesabiwa. Muzee akasema alikuwa anamujaribu tu, akaandika jina lake kati ya walimu.

Halafu muzee akakuja kwa dirisha, akatazama tumbo langu, akauliza kwa utani kama nitapaka hata pale, siku yeye mwenyewe ataniletea mavi kwa kichwa.

"Pale vinaposhikana, mimi sipaki."