Jicho Jeupe la Mtoto wa Punda

Juzi, rafiki yangu, nilipita mtaa wetu wa zamani wa Shauri Moyo, nikatafuta ule uwanja wa nyuma ambako jirani yetu wa mkokoteni alikuwa akifunga punda wake. Siku hizi pana ghorofa. Nilisimama pale kama mjinga, na ule wasiwasi wa miaka ya sabini ukanirudia wote.

Mama alikuwa na mimba kubwa, na punda wa jirani vilevile. King'ora cha viwandani kikilia jioni, mama alimpelekea maganda ya viazi, akamkuna shingo na kumpa pole. Tuliwacheka sana. Punda akazaa. Kitoto kilisimama kwa miguu inayotetemeka, jicho moja zuri, la pili jeupe kana kwamba limetiwa maziwa.

"Shosho, si ametoka tu hivyo," jirani akamwambia nyanya. "Hata sijamgonga."

Nyanya hakutaka kusikia. Kwetu Ukambani, alisema, mja mzito akikitazama kitu chenye kilema kwa huruma, kilema hicho humwingia mtoto. Akampiga marufuku mama asikanyage uwanja ule. Mama, mbishi wa kuzaliwa, akaenda mchana kweupe, akakishika kitoto kichwa, akalitazama lile jicho.

"Sasa nimeliona. Mtanifanya nini?"

Lakini alipofika nyumbani alinawa mikono mara mbili, nami nikaogopa mno.

Mdogo wangu alipozaliwa, nyanya alimpungia kiganja mbele ya macho. Hakupepesa. Akapunga tena. Wapi! Muuguzi wa kliniki alisema watoto wachanga wote ndivyo walivyo, tungoje tu, lakini nani angemsikia? Githeri iliungua jikoni na hakuna aliyegombezwa. Nilifua nepi huku nikimwomba Mungu achukue jicho langu moja, ampe yeye.

Wiki zikapita. Asubuhi moja nyanya alikuwa akimwogesha kwenye karai. Akageuka kuchukua taulo, na yale macho madogo yakamfuata. Akahamia upande wa pili. Yakamfuata. Nyanya akaketi sakafuni akalia kwa sauti, mama akacheka hadi akashindwa kusimama.

Nyanya amekwenda, mama amekwenda, jirani sijui aliishia wapi. Mdogo wangu sasa ana mvi, na hupenda kulalamika kwamba yeye, kitinda mimba, hakuna aliyewahi kumjali. Namwacha aseme. Waliokuwa wakimtazama kutwa kucha wamekwisha, nimebaki mimi tu.