Kitabu Alichokikataa Shoka

Wateja walimwita Shoka, na jina lilimkaa. Alikuwa muuza nyama mwenye mabega mapana na mdomo usiojua kunong'ona. Ukimuuliza kama nyama ni ya leo, alikujibu, "Hapana, ni ya harusi ya bibi yako." Watu walicheka, wakanunua. Waliothubutu kumkosoa hawakucheka.

Mkewe aliondoka binti yao akiwa bado mdogo. Alichoshwa na makelele, akafungasha nguo mchana kweupe, akaenda. Shoka akamwambia mtoto kwamba mama amekwenda kumuuguza bibi. Bibi huyo akaugua miaka na miaka, asipone wala asife, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Jioni moja alimkuta binti, sasa kidato cha pili, akilia juu ya kitabu cha maktaba ya shule. Alimpokonya, akasoma kurasa kadhaa palepale akiwa amesimama. Kilimhusu msichana ambaye mama yake amewaacha, na baba anawadanganya majirani kwamba amesafiri. Masikio yalimwaka moto. Aliona kama kuna mtu aliyechungulia dirishani kwake.

Kwenye mkutano wa wazazi alikipunga hewani. "Kinawafundisha mabinti zetu kwamba mama akichoka anabeba begi!"

"Umekimaliza, mzee?" aliuliza mwalimu wa Kiswahili, mama mwembamba wa sauti ya chini.

"Nyama ikinuka simalizi mnofu ndiyo nijue."

Wazazi waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Wako watoto hapa wanaoishi hivyo. Wakijikuta kitabuni, wanajua hawako peke yao."

"Wataje!"

Mwalimu alimtazama tu. Macho yale yalimuudhi Shoka kuliko tusi. Mikono ya wazazi ikanyooshwa kukipiga marufuku, nakala zote zikatiwa gunia na kufungiwa stoo pamoja na mifagio.

Nyumbani binti alimnunia. Alipika, akatenga, akala chumbani kwake. Shoka alifoka mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa kama anaupigia ukuta kelele.

Jumamosi, wateja wakiwa wamejipanga hadi mlangoni, binti aliingia buchani, akasimama kando ya mizani, akaanza kusimulia hadithi ya kile kitabu. Hakuwa na kitabu, kilikuwa kichwani. Mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Enhe, kisha?"

"Wewe! Toka dukani kwangu!"

"Baba akawaambia majirani mama amesafiri," binti aliendelea. "Msichana akawa kila siku anajiuliza alikosa nini..."

Shoka alilikita shoka gogoni. "Mama yako hamuuguzi mtu! Aliondoka kwa miguu yake. Alinichoka mimi! Umeridhika?"

Binti alishika ukingo wa meza.

"Wewe?" alisema. "Mimi nilidhani alinichoka mimi."

"Nani kakuambia upuuzi huo?"

"Hakuna aliyeniambia chochote, baba. Hilo ndilo tatizo. Nilikuwa na kitabu tu, na wewe ukakifungia."

Shoka akawageukia wateja kwa ukali: "Mnanunua au mmekuja sinema?" Wengine walinunua bila kumtazama. Mama mwenye kikapu aliondoka.

Wiki hiyohiyo binti alihamia kwa shangazi yake. Dada huyo wa Shoka alikuja mwenyewe kuchukua godoro, akamwambia kaka yake, "Ukifika kwangu na kelele zako, nakumwagia maji ya vyombo." Shoka akamwambia aende zake. Shuleni hakurudi kufuta neno lake, na gunia likabaki stoo. Mwalimu wa Kiswahili akawa ananunua nyama mtaa wa pili.

Muhula ulipokuwa unakwisha, binti alisimama dirishani mwa bucha na sare yake ya shule. Hakumwamkia.

"Nataka namba ya mama."

Shoka aliendelea kutenganisha mbavu. Angeweza kusema hana. Badala yake aliitaja namba yote kwa kichwa, taratibu, bila kuinua uso, na binti akaiandika kiganjani kwa kalamu.

"Akikueleza mambo yake," Shoka alisema, "usiniletee hapa."

"Sitakuletea," binti alijibu, akavuka barabara.