Moto wa Kununua

Juma hili, katika duka la shangazi ninakouza tangu nilipoacha masomo, mama mmoja mzee wa mtaa wetu wa Rwambuzi aliweka kigae kitupu mbele yangu akaomba kibiriti.

Sote tunakijua kigae hicho. Kila asubuhi alikwenda nacho kwa jirani kuomba kaa la moto, na siku jiko lake lilipowaka mapema, jirani ndiye aliyekuja kwake. Ndivyo walivyoishi tangu mtaa huu ulipokuwa majani matupu.

“Leo mama hakupata makaa?” nikamuuliza.

“Jirani aliuzisha nyumba, akaenda Mahagi. Wale wapya waliweka ukuta na sentinele wa kulinda mlango.” Akafuta majivu vidoleni. “Ananiuliza, ‘Weye mama unatoka wapi?’ Namuambia, natoka hapa. Anasema, ‘Hapa wapi?’”

Kijana aliyengoja sabuni akacheka. “Mama, Bunia imekuwa mji. Hata moto siye tunanunuaka.”

“Basi mji wenu uko na baridi,” akajibu, akaondoka na kibiriti. Kigae alikiacha.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Kesho yake asubuhi nilikichukua kigae nikaenda kumwomba moto, ingawa dukani vibiriti vimejaa. Mlango wake, ambao sikuwa nimepata kuuona umefungwa mchana, ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nikabisha.

“Ni nani?” akauliza kutoka ndani. “Unatoka wapi?”

“Natoka hapa, mama,” nikasema, na mlango ukakawia kufunguka.