Chuo Kilichochaguliwa Ndani ya Arubaini

Nilikuwa ndani ya arubaini ya uzazi, nimefungwa mkaja tumboni, binti yangu mchanga ubavuni, niliposikia sebuleni wananichagulia chuo. Ilikuwa miaka ya themanini, Malindi, nyumbani kwa mama, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mke. Mtihani wa kidato cha sita niliufanya na mimba yangu. Nilitaka shahada ya uhandisi wa umeme, na hilo walishalikubali shingo upande. Kilichobaki ni wapi.

Ami yake mume wangu alitaka India. "Kuna jamaa zetu kule. Ataangaliwa."

"Na nyama ya halali iko," mume wangu akadakia.

Nyama! Mwalimu wangu wa fizikia alishaniambia: uliza karakana yao ina mashine gani, na shahada yao kama inatambuliwa hapa. Chuo cha Nairobi, nilichokitaka mimi, nilikiandikia nikajibiwa. Kuhusu hicho cha India hakuna aliyejua lolote, ila kwamba jamaa wako.

Nikapaza sauti nyuma ya pazia. "Ami, huko wanafundisha umeme wa mitambo mikubwa au wa redio?"

Akadakia mama mkwe: "Mwanangu, mzazi wa arubaini hapigi kelele. Na huko Nairobi unakokutaka, mtoto atanyonya nini, nguzo ya stima?"

Wakacheka wote, na mume wangu pia.

Mama aliingia na chetezo cha udi, akanikuta nimefura kwa hasira. Akageuka nacho vilevile mkononi kwenda sebuleni, moshi ukimfuata.

"Mnamkasirisha mzazi ndani ya nyumba yangu? Maziwa yakikatika, mtamnyonyesha nyinyi, na ndevu zenu?"

Vicheko vikakoma. Hasira hukata maziwa, nani kwetu asiyeamini? Ami akakohoa.

"Basi, na iwe Nairobi. Na mtoto?"

"Chuo ni mwakani. Atakuwa anakula uji. Nitakaa naye mimi," mama akajibu.

Yakaisha. Nilipata nilichokitaka, na bado nimekasirika. Nikiwaza sana naona hawakubadili nia kwa sababu ya karakana wala shahada. Lile swali langu ami hajalijibu mpaka leo. Nilikuwa na akili zangu timamu na hoja zangu, kilichosikizwa ni maziwa.

Huyu binti, sasa yuko shule ya msingi, naye atafika siku ya kuchagua. Sitaki angoje mpaka awe na maziwa ndipo asikizwe.