Nyekundu Ndani ya Nyeupe

Mtu akiniambia taa fulani ni nyeupe, sikubali haraka. Mama yangu alikuwa mshonaji katika mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, na rangi za vitambaa alizichagulia mlangoni, penye jua. Miaka ile vita vilikuwa vimenyamaza, lakini hakuna aliyeviamini. Risasi ikisikika mbali, tulifunga mlango mchana kweupe, naye akaendelea kushona kwa taa ya sola. Ndivyo alivyoshona nguo za kwaya. Jumapili, nje ya kanisa, nusu ya waimbaji walikuwa na kola nyekundu, nusu kahawia. Chini ya taa ile zilikuwa zimefanana kabisa.

Leo natengeneza taa nyembamba kama karatasi. Tabaka zake za kemikali hutoa buluu, kijani na nyekundu, zikichanganyika tunapata nyeupe. Nyekundu ndiyo inayonitesa. Wenzangu huipima kwa mashine. Mimi huongeza kipimo changu: kola mbili za kwaya ile, nyekundu na kahawia, nilizozihifadhi.

Taa ya kwanza iliyozitofautisha nilimpelekea mama. Aliziweka kola zile chini ya mwanga wake.

“Iko muzuri, mutoto wangu,” akasema. “Lakini wakati ule miye nilikuwa nataka mulango ibakie wazi.”