Rilei kwenye Kopo la Majani ya Chai

Gari la baba halikuwa bovu. Mimi ndiye niliyeligomesha, asubuhi moja kabla hajaamka, kwa kufungua boneti na kuchomoa rilei ya stata, kile kiboksi cheusi kidogo kinachopitisha umeme kwenda kwenye stata ukizungusha ufunguo. Kaka yangu aliyeko Dar alinitumia picha yenye mshale mwekundu. Rilei nikaificha jikoni kwenye kopo la majani ya chai, nikanawa mikono, nikamchemshia baba uji.

Sababu nilikuwa nayo, na bado ninayo. Baba ana presha ya macho. Mbele anaona, pembeni haoni, na kwa kuwa haoni kwamba haoni, humwambii kitu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, akirudi Mpanda kutoka shambani kwake Kasekese, alimgonga mtu wa baiskeli aliyebeba gunia la mahindi. Yule bwana alichubuka goti tu, tunamshukuru Mungu, lakini baba alifika nyumbani akiilaumu baiskeli. Sisi watoto tukakubaliana kwenye grupu la familia kwamba asiendeshe tena. Ilipofika zamu ya kumwambia, kila mmoja akawa na udhuru wake. Nani amfunge paka kengele? Yule anayeishi naye, yaani mimi.

Nilidhani atajaribu mara mbili, atachoka, atapanda bodaboda. Nilisahau kwamba huyu mzee aliendesha malori ya tumbaku ya Katumba karibu maisha yake yote, na gari likigoma kwake ni kama limemtukana.

Siku ya kwanza aliwasha taa, zikawaka vizuri. Akapiga honi, mbuzi wa jirani wakatawanyika. Akazungusha ufunguo, kimya. Akasema betri ni nzima ila tufungue vichwa vyake tuvisugue kwa msasa. Aliyesugua ni mimi. Mwalimu mzima, niko likizo, nimeinamia injini, jua la saa saba linanichoma shingo, natafuta tatizo ambalo najua liko jikoni kwangu. Gari lenyewe ni la otomatiki, haliwashwi kwa kusukumwa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikaona aibu kumwingiza Mungu.

Siku ya pili ilikuwa ya fyuzi. Alizichomoa moja moja, ananipa niinue juani nitazame kama kiwaya cha ndani kimekatika, maana vitu vidogo kama hivyo vilikuwa vimeshaanza kumpotea. Mimi nikawa macho yake. Tulipofika penye rilei akauliza kama zote zipo. Nikamwambia zipo. Akauliza tena. Nikajibu zipo, safari hii kwa ukali, kama mtu anayesumbuliwa. Ndivyo nilivyo, nikikosa ndipo hasira zinapozidi. Yale macho mabovu niliyokuwa nikiyafanya sababu, ndiyo niliyoyatumia kumdanganya. Jioni akamwaga chai kidogo mezani, nikamkaripia.

Siku ya tatu aliniambia niketi kwenye kiti cha dereva, gia nisiiguse, nifungulie ufunguo nisubiri. Akachukua bisibisi ndefu, akaingiza mkono chini ya injini, akapapasa mpaka akaipata stata, akaunganisha vichuma vyake viwili. Cheche zikaruka. Gari likawaka.

Niliogopa kuliko siku nyingi nilizowahi kuogopa. Geti lilikuwa wazi, na barabarani watoto walikuwa wanapita na ndoo za maji. Baba akaja dirishani anajifuta mikono kwa kitambaa, bila haraka.

"Shuka, mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikaushika usukani kwa mikono yote miwili, mimi nisiyeweza kuendesha hata toroli.

"Sishuki, baba."

"Rilei umeitupa?"

"Iko jikoni. Kwenye kopo la majani ya chai."

"Jana nilipapasa penye rilei nikakuta tundu. Ndiyo maana nilikuuliza mara mbili."

Nilitaka kumweleza ya daktari wa macho, ya mtu wa baiskeli, ya wale watoto wa ndoo. Yote yalinijia kwa pamoja, nikaishia kusema kwamba tuliamua sote, mimi na wenzangu. Akauliza lini. Nikamwambia mwezi uliopita. Akatikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu ya siku tulizokula naye huku tukijua. Akapitisha mkono dirishani, akazima gari, akauchomoa ufunguo. Nilifikiri atautia mfukoni. Akauweka mapajani mwangu.

Kwenye grupu walinipigia makofi. Kaka akaandika kwamba nimeokoa maisha ya watu, na huenda ni kweli.

Tangu hapo baba ananiomba ruhusa. Ilianza na kanisa. Nikajua ananipiga kijembe, nikacheka, yeye hakucheka. Ikaja kwenda kumsalimia jirani, ikaja kwenda kununua vocha dukani, hatua ishirini kutoka mlangoni. Anavua kofia, anasimama, anangoja mpaka nimjibu. Nimemsihi aache. Nimefoka, na siku moja nimelia mbele yake. Anasema si vizuri mtu kutoka bila kumuuliza mwenye maamuzi, na anasema kwa upole kabisa. Kama ananiadhibu au ameshakubali, sijui, na hanisaidii kujua. Nikichelewa kurudi kutoka shuleni namkuta amekaa barazani na kofia yake, alitaka kutoka, hakuwepo wa kumruhusu.

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari. Akaja akasimama pembeni ya meza, akauliza kama anaweza kwenda kunyoa nywele. Nikamwambia nenda, baba.

"Asante, mama," akasema, akavaa kofia akatoka.